Nusu Tiketi ya Shropshire

Usiku wa kuamkia leo, baada ya kula mihogo ambayo daktari na mke wangu wamenikataza kwa kauli moja, niliota nimesimama kwenye foleni katika jimbo la Shropshire, Uingereza.

Nilijua ni Shropshire kwa sababu kilima kilichokuwa jirani kilijitambulisha. "Shropshire," kilisema, kisha kikanyamaza. Mimi Uingereza sijawahi kufika. Mbali kabisa nimefika Mombasa, mwaka mmoja nikifuata mbao za mvule, na hata kule nilipotea siku mbili.

Foleni ilikuwa ndefu na yenye utulivu mwingi. Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye mwavuli.

"Samahani, ndugu," nikamwuliza, "tunasubiri kuona nini?"

"Foleni," akasema. "Hiki ndicho kivutio cha kwanza. Kina miaka mia tatu."

Nikaitazama upya, kwa heshima. Kweli ilikuwa imetunzwa vizuri. Watu wa mwanzo walivaa nguo za zamani na hawakuonekana kuwa na haraka.

Nilipofika dirishani nikamkuta binti mwenye madoa madoa usoni. "Shikamoo, babu," akasema, kwa lafudhi ya Muheza kabisa. Nikajibu marahaba. Sikushangaa sana. Nilishangaa kidogo tu kwamba ana lafudhi ya upande wa stesheni, si ya kwetu upande wa soko.

"Umestaafu?"

"Nimestaafu. Hatibu Semboja, fundi seremala. Miaka sita sijashika randa. Wanangu wamenikataza, wanasema, baba, sasa pumzika."

"Wastaafu ni nusu tiketi," akasema.

Nikafurahi, kama mstaafu yeyote.

"Unaingia na upande gani?"

"Upande gani wa wapi?"

"Wako, babu. Nusu tiketi, nusu mtu. Kulia au kushoto?"

Nyuma yangu foleni ilikohoa kwa adabu. Nikafikiri haraka haraka. Mkono wa kulia ndio wa kazi. Wa kushoto kazi yake kubwa ni kushikilia shavu ninapofikiri. "Kulia," nikasema. Binti akaichana tiketi kwenye ule mstari wa vitobo, na mimi nikachanika pamoja nayo, taratibu, bila damu wala maumivu. Nusu yangu ya kushoto ikaenda zake kwenye benchi, ikafungua gazeti, ikaanza kusoma kwa jicho moja.

"Tunafunga saa kumi na moja," binti akasema. "Kitakachokutwa ndani kengele ikilia ni mali ya jumba hili la makumbusho. Kitawekwa mahali pake na kufutwa vumbi kila Jumatatu. Usichelewe."

"Na ile nusu ya nje?"

"Hiyo itapanda basi la saa kumi na moja na robo, irudi Muheza."

Nikamfikiria mke wangu, Mwanakombo, akifungua mlango na kukuta nusu ya mume imesimama pale, tena ile isiyofanya kazi yoyote. Ni mwanamke mvumilivu, lakini ana mpaka wake. Nikajiapiza kwamba saa kumi na moja nitakuwa nje.

Nikaingia kwa kurukaruka, maana mguu ulikuwa mmoja.

Jumba lenyewe lilikuwa na vyumba vingi kuliko sababu za kuwa navyo. Nilipita chumba cha kuvulia buti, chumba cha kuvalia buti nyingine, na chumba ambacho bwana wa jumba alikuwa akiingia kujutia vile viwili. Chumba cha nne ndicho kilichonisimamisha. Kilikuwa na viti ishirini na vinne, vimepangwa ukutani, na juu ya kila kiti pameketi tunda kavu la msonobari, lile gumu lenye magamba.

Katikati alisimama bibi mrefu mwenye mvi na glavu nyeupe. Kifuani alikuwa na beji iliyosema: WINIFRED, ANAJITOLEA.

"Karibu," akasema.

"Asante. Nikae wapi?"

"Hukai."

"Umesema karibu."

"Nimesema karibu utazame."

Nikamweleza kwamba kwetu mgeni anasukumiwa kiti kabla salamu hazijaisha, na asipokaa, mwenye nyumba hatalala vizuri. Bi Winifred akanisikiliza kwa makini.

"Hapa mgeni tunampa historia ya kiti," akasema. "Hiki ni cha mwaka elfu moja mia saba na arobaini. Mara ya mwisho kukaliwa ilikuwa na askofu, naye alikaa kwa bahati mbaya."

"Na haya matunda?"

"Ndiyo walinzi. Zamani tuliweka vibao vya kukataza, watu wakawa wanakaa juu ya vibao."

"Na wewe unakaa wapi, dada?"

"Mimi nimesimama," akasema Bi Winifred. "Nilistaafu ualimu, nikaona nyumbani nitaoza, nikaja kujitolea. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Magoti yangu yanajua majina ya viti vyote."

Hapo ndipo kiti cha saba kilipolia. Si kilio cha kumwita mtu, ni ule mlio mdogo wa mbao, *kriii*, ambao mtu wa kawaida angedhani ni panya. Mimi si mtu wa kawaida kwa mambo ya viti. Mguu wa nyuma, upande wa ndani, ulimi, ile ncha ya mbao inayochomekwa kwenye tundu, umelegea. Niliusikia kama mama anavyomsikia mwanawe akikohoa chumba cha pili.

Sasa nieleze jambo moja ili nisionekane mtovu wa adabu. Miaka arobaini sijawahi kukabidhi kiti bila kukikalia kwanza mwenyewe. Kiti hakiambii mkono kinapoumwa, wala hakiambii jicho. Kinaambia makalio. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikabidhi kiti bila kukikalia, mteja akaangukia supu. Tangu siku ile kukalia kiti kinacholia si uamuzi kwangu, ni kama kupiga chafya.

Kwa hiyo naliondoa tunda la msonobari, naliweka chini, nakaa. Kwa kadiri nusu mtu anavyoweza kukaa.

Viti ishirini na vitatu vinanigeukia.

"Umekaa," anasema Bi Winifred, kwa sauti ya mtu aliyeona jua limechomoza upande wa chooni.

"Nimekaa. Mguu wa nyuma umelegea. Si kazi kubwa, kabari moja tu."

Tunda la msonobari lilikohoa kule sakafuni. Lilikuwa na sauti nene ya koplo. "Aliyekalia kiti cha jumba ni wa jumba," likasema. "Andika."

Sikuona aliyeandika. Niliona tu kamba nyekundu imenizunguka, na kibao cha mbao kimening'inia kifuani mwangu, kimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa herufi nyeusi: HATIBU SEMBOJA. FUNDI SEREMALA (NUSU). MUHEZA. HATUMIKI TENA.

Na pembeni yangu, ndani ya kabati la kioo, kumbe vilikuwapo vifaa vyangu: randa, msumeno, patasi tatu, nyundo ya mbao. Vimepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuvipanga. Hakuna hata chembe ya vumbi.

"Kosa lenyewe si geni," Bi Winifred akasema kwa huruma. "Kwa fundi tu ndiyo hatujawahi kulipata. Wewe hukuvunja, ulitaka kutengeneza."

"Hilo halinitoi?"

"Sidhani."

Nikiri jambo hapa. Kwa muda kidogo sikuona ubaya wake. Kamba ilikuwa laini. Watu walipita, wakanitazama, wakasoma kibao, wakatikisa kichwa kwa upole, kama wanangu wanavyonitazama nyumbani Jumapili. Baba, kaa. Baba, usinyanyue hicho. Baba, tutaita fundi. Mtoto mmoja wa Kiingereza aliuliza kama ninauma, baba yake akamwambia sivyo, nimekufa zamani. Kisha likanijia akilini lile basi la saa kumi na moja na robo, na nusu yangu ya kushoto dirishani, na Mwanakombo mlangoni akiuliza, "Nyingine iko wapi?"

Nikaruka kamba kwa mguu mmoja, kibao kikinigonga kifuani, nikafungua mlango wa kutokea. Nikajikuta kanisani.

Humo shujaa mmoja wa zamani, aliyechongwa kwa mawe, alikuwa amelala chali juu ya kaburi lake, mikono ameikunja kifuani, mbwa wa mawe miguuni.

"Bwana mkubwa, samahani," nikasema. "Njia ya kutoka ni ipi?"

"Hata mimi nilikuja kwa nusu siku tu," akajibu bila kufumbua macho. "Nilijilaza kidogo, nipumzike. Mke wangu alikuwa dukani anachagua kadi."

"Lini?"

"Kulikuwa bado hakuna viazi nchi hii."

Mbwa akafumbua jicho moja la jiwe. "Shuka mtoni," akaniambia. "Kuna daraja. Ndipo jimbo linapoishia. Na usimwambie huyu kuhusu viazi, atasikitika."

Nikashuka mtoni. Daraja lilikuwa la chuma, jeusi, la zamani sana, limejikunja juu ya bonde kama ubavu wa mnyama mkubwa. Ng'ambo, kwenye benchi lililokuwa limehama bila kuaga, niliiona nusu yangu ya kushoto. Ilikuwa imefika ukurasa wa michezo.

"Simama," likasema daraja. "Una kibao."

"Nina haraka pia."

"Mwenye kibao kama hicho havuki. Si roho mbaya yangu, ni kazi."

Ningebishana, lakini macho yangu yalikuwa yameshaenda kwenye viungo vyake. Nikainama. Nikapapasa. Nikarudia kupapasa, maana sikuamini. Chuma kile hakikuchomelewa wala kufungwa kwa nati. Kila kipande kilikuwa na ulimi, ulimi umeingia kwenye tundu, na tundu limepigwa kabari. Kama mlango. Kama kitanda. Kama kazi yangu.

"Nani alikuunga hivi?"

"Wahunzi," likasema daraja, kwa aibu kidogo. "Kabla yangu hakuna aliyekuwa amejenga daraja la chuma kubwa namna hii, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza. Kukiyeyusha chuma walijua. Kukiunga kiwe daraja hawakujua. Wakaenda kuchungulia maseremala wanafanyaje, wakaiga."

"Kwa hiyo wewe ni meza."

"Mimi ni meza," likakubali. "Kubwa. Huwa siwaambii wageni, wamesafiri mbali."

"Na hawajakuwekea kamba? Mtu wa umri wako?"

"Kibao ninacho, kinataja jina na mwaka, basi. Watu wananikanyaga kila siku. Wanapiga picha, wanadondosha vitafunio, wachumba wanaapiana mambo ambayo hawatayatimiza. Siku wakiacha kunikanyaga ndiyo nitaanza kuangalia chini." Likaongeza, "Chako kinasemaje?"

"Hatumiki tena."

"Ndiyo hapo sasa. Jina lako mimi lisingenizuia. Hilo neno la mwisho ndilo zito, mihimili yangu haiwezi kulibeba."

"Saa ngapi?"

"Kumi na nusu. Na dakika tatu."

Nikakishika kibao ili nikivue. Kamba yake haikutoka shingoni. Nikakikwaruza kwa ukucha, na chini ya ile rangi nyeupe nikaona mishipa ya mbao, imebana, imenyooka. Mti mgumu, mkavu, wa miaka mingi. Hapo nikaacha kukivuta. Miaka sita nimekuwa nikitazama mbao kama mlevi aliyeacha pombe anavyotazama chupa, kwa kupita tu. Hii nikaitazama sawasawa. Unene wa kidole. Inatosha kabari, na inabaki.

Nikageuka nyuma, na jumba lilikuwa pale pale mgongoni mwangu, chumba cha viti ishirini na vinne, Bi Winifred amesimama.

"Umerudi," akasema. "Hakuna anayerudi."

"Una ufunguo wa lile kabati?"

"Ninao. Sijawahi kuutumia."

"Nipatie randa yangu na patasi ile ya katikati. Na nyundo."

"Bwana Semboja, vile ni vitu vya maonyesho."

"Dada Winifred, ile randa ina alama ya meno ya mwanangu wa kwanza kwenye mpini. Alikuwa anaota meno. Nenda kaangalie."

Akaenda akaangalia. Alirudi na randa mkononi.

Ikabaki shida moja. "Kazi hii ina mikono miwili," nikamwambia. "Mmoja wa kuranda, mmoja wa kushika. Wa kushika uko ng'ambo ya mto, unasoma habari za mpira."

"Mimi siruhusiwi kugusa. Miaka kumi na tisa sijagusa hata pazia."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe, hamu yako bado nzima."

Lile tunda la msonobari likapaza sauti toka chini, "Bibi, fikiria beji yako." Bi Winifred akalitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu bila kunyoosha mkono. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akazikunja, akaziweka mfukoni. Akakishika kibao pale kilipokuwa kifuani kwangu, akakikandamiza kwenye ukingo wa dirisha.

"Hivi?"

"Inua kidogo. Usikaze mabega. Hapo."

Naranda. Randa inaimba ule wimbo wake, *shaaa, shaaa*. Rangi nyeupe inatoka kwanza, kisha neno la mwisho linatoka herufi moja moja, linajikunja, linadondoka. Nakata kwa patasi. Kamba, ikiwa haina tena cha kushika, inaanguka yenyewe kama nyoka aliyechoka. Kabari iko mkononi mwangu, nyembamba mbele, nene nyuma. Naipachika, napiga mara tatu. Ya kwanza kuiambia, ya pili kuikumbusha, ya tatu kuiacha.

Kiti cha saba kikavuta pumzi. "Afadhali," kikasema. Basi, hilo tu.

"Kikalie," nikamwambia Bi Winifred.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeshika. Kiti hakikabidhiwi hakijakaliwa, na mimi nina nusu tu, si kipimo kizuri."

"Nitakuwa wa jumba."

"Na sasa ni wa wapi?"

Akafikiri. Nje kengele ikaanza kusafisha koo kabla ya kulia. "Miaka kumi na tisa nimekuwa wa jumba hili kwa kusimama," akasema. "Wacha niwe wa jumba kwa kukaa." Akakaa, taratibu, kwanza ukingoni, kisha mpaka nyuma kabisa, akanyoosha magoti yake mbele yake kama mtu anayeanika nguo. Kile kiti hakikutoa hata mlio. Kibao hakikuja. Tulisubiri, hakikuja. Walikuwapo wageni wawili mlangoni, mume na mke wanene wenye makoti ya mvua. Walimtazama, wakatazamana, kisha yule mama akalinyanyua tunda la kiti cha nane, akamkabidhi mumewe, akakaa. Mumewe akalitia mfukoni.

"Wee, weka chini," likasema tunda kutoka mfukoni, lakini sauti haikufika mbali.

"Nenda, fundi," Bi Winifred akaniambia, macho ameyafumba. "Utachelewa basi."

Niliruka kwa mguu mmoja kama ambavyo sijawahi kuruka kwa miwili. Kengele ililia ya kwanza nikiwa kanisani, shujaa wa mawe akanitakia safari njema, ya pili nikiwa kwenye mteremko, ya tatu mguu wangu ukikanyaga chuma. Daraja halikuniuliza kitu. Lilisema tu, "Kanyaga vizuri, usininyatie," nikakanyaga.

Ng'ambo, nusu yangu ya kushoto ilikuwa imeshakunja gazeti na kusimama mlangoni mwa basi.

"Umechelewa," ikaniambia.

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi?" Jicho lake moja likang'aa. "Bila mimi?"

"Wakati mwingine tutakwenda wote. Tutalipa tiketi nzima."

Tukasogeleana, ulimi kwenye tundu, daraja likituelekeza kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa sababu jambo hilo lilikuwa linalielewa. Nikasikia kitu kimekaa mahali pake.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na Mwanakombo alikuwa amesimama upande wangu wa kitanda, ameshika pembe ya shuka, anakung'uta. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu mpaka kumi.

"Baba Zaituni."

"Naam."

"Maranda haya yametoka wapi?"

Nikainuka. Palikuwa na maranda kwenye shuka, mengi ya kujaza kiganja, membamba, yamejikunja vizuri kama randa kali inavyotoa. Mengine yalikuwa na rangi nyeupe upande mmoja. Kila jibu nililokuwa nalo lilihitaji kuanzia kwenye foleni.

Mwanakombo akachukua moja, akalisogeza puani. Mke wa seremala kwa miaka arobaini na moja huyu, amefua mashati yangu ya mvule, ya mninga, ya mtiki, na usiku wa giza angekwambia nimeshinda na mbao gani. Akanusa. Akakunja uso. Akanusa tena, muda mrefu zaidi.

"Mti huu siujui," akasema.

Kisha akanitazama juu mpaka chini, akatia lile moja alilolinusa kwenye pindo la kanga yake, akaelekea mlangoni.

"Nyanyuka basi. Mlango wa jiko mwaka wa pili sasa haufungi, na mwanao kila siku ananiambia fundi atakuja."

"Na watoto wakisema?"

"Waambie umeanza usiku," alijibu toka uani. "Ushahidi ninao mimi."